Kufuli la Diski ya Shule: Maunzi au Programu?

Mwanachuo wa ualimu hufundishwa mapema kutunza daftari la mahudhurio, kuandika azimio la kazi na andalio la somo, na kufunga kabati la ofisi kabla ya kuondoka. Mafunzo hayo ni mema na hayajapitwa na wakati. Lakini mengi ya yale yaliyokuwa yakikaa kabatini yamekwisha kuhamia katika kompyuta. Majina ya watoto, tarehe zao za kuzaliwa, namba za simu za wazazi, alama za majaribio, taarifa za ulemavu na za hali ya nyumbani, yote hayo leo hubebwa katika kompyuta mpakato moja inayoingia mkobani. Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumika kuhesabia watu viligawiwa walimu, na kwa hiyo taarifa za wanafunzi zikazidi kutoka ofisini na kuingia mikobani. Kabati limepata miguu. Je, kufuli lake liko wapi?

Swali hili lina uzito wake hapa Same. Wilaya hii ina tambarare chini, kando ya reli na barabara ya kutoka Moshi kwenda Tanga, na juu ina Milima ya Upare Kusini, ambayo kilele chake cha Shengena kina kimo cha mita 2,462. Mwalimu wa Mbaga, Chome, Suji au Vudee anayepeleka taarifa za shule katika ofisi za halmashauri mjini Same hushuka kwa gari la abiria au kwa bodaboda, mkoba mapajani, kisha hupanda tena. Katika safari ya namna hiyo kompyuta huweza kusahauliwa garini, kuingia mikononi mwa mwizi, au kuachwa kwa fundi kwa siku kadhaa. Mashine ikipotea, yaweza kununuliwa nyingine. Siri ya mtoto ikitoka, hairudi.

Katika makala haya tunakusudia kujadili jambo moja ambalo mafundi wamelibishania kwa muda mrefu, nalo linamhusu mwalimu kuliko anavyodhani: je, diski ya kompyuta ifungwe kwa kufuli lililomo ndani ya diski yenyewe, au kwa kufuli la programu? Maoni yetu ni kwamba shule ya msingi yafaa itegemee kufuli la programu, kwa sababu ndilo linaloweza kukaguliwa; na kwamba ufunguo wake hauna budi kuwa mali ya shule, si mali ya mwalimu mmoja.

Nywila peke yake haitoshi

Walimu wengi huamini kwamba kompyuta inayodai nywila wakati wa kuwashwa imekwisha kufungwa. Sivyo. Nywila ya kuingilia peke yake ni kama bawabu aliyesimama mlangoni pa nyumba isiyo na kuta. Mwenye bisibisi huweza kuitoa diski, akaiunganisha na mashine nyingine, na kusoma kila kilichomo bila hata kumsalimu bawabu.

Usimbaji ni jambo jingine. Kusimba ni kuyageuza maandishi yenyewe kwa kanuni ya hesabu pamoja na ufunguo, hata asiye na ufunguo asione ila mchafuko wa alama. Kanuni inayotumika sana leo huitwa AES, iliyopitishwa kuwa kiwango rasmi nchini Marekani mwaka 2001. Kanuni hiyo imechapishwa, na kila apendaye anaweza kuisoma. Kilicho siri ni ufunguo tu. Msingi huu si mpya. Auguste Kerckhoffs, aliyekuwa mwalimu wa lugha, aliueleza mwaka 1883 alipofundisha kwamba mfumo mzuri wa siri ni ule usiodhurika hata adui akiujua wote, maadamu hajaupata ufunguo. Tunamwomba mwanachuo aukumbuke msingi huu, kwa maana hoja yetu yote imejengwa juu yake.

Njia mbili

Usimbaji wa diski hufanywa kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya maunzi, yaani sehemu za mashine zinazoshikika. Ndani ya diski mna chombo kidogo ambacho husimba kila kinachoandikwa na kusimbua kila kinachosomwa. Kompyuta hupeleka taarifa zikiwa wazi, nayo diski ndiyo hufanya kazi ya siri. Njia ya pili ni ya programu. Hapa prosesa ya kompyuta husimba taarifa kabla hazijafika kwenye diski, na diski hupokea kilichokwisha kusimbwa. Mifano ya programu hizo ni BitLocker iliyokuja na Windows Vista mwaka 2007, FileVault ya kompyuta za Apple, LUKS ya mfumo wa Linux, na VeraCrypt ambayo hutolewa bila malipo.

Wanaotetea maunzi wana hoja za kweli, na si haki kuzipuuza. Diski inayojisimba haiitwishi prosesa mzigo. Hufanya kazi chini ya mfumo wowote wa kompyuta. Tena, inapotakiwa kufutwa, kuubadili ufunguo wake wa ndani kwatosha kuyafanya yote yaliyomo yasisomeke, jambo lenye manufaa shule inapotaka kutoa mashine kuukuu. Mtu akizisikia hoja hizo bila ya nyingine, ataona kwamba kufuli lililozaliwa pamoja na kabati ni bora kuliko kufuli lililoning'inizwa baadaye.

Yaliyoonekana mwaka 2018

Mnamo Novemba 2018, watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Radboud nchini Uholanzi, Carlo Meijer na Bernard van Gastel, walitangaza matokeo ya uchunguzi wao juu ya diski zinazojisimba. Walichunguza diski kadhaa zisizo na sahani ya kuzunguka, zilizotengenezwa na Crucial na Samsung, kampuni ambazo bidhaa zake zimeenea duniani. Katika baadhi ya diski hizo waliona jambo la kushangaza. Taarifa zilikuwa zimesimbwa kweli, lakini nywila ya mwenye mali haikuwa na uhusiano wowote wa kihesabu na ufunguo uliozisimba. Ufunguo ulikuwa umekaa humo humo ndani, na nywila ilikuwa ikiulizwa tu kama bawabu aulizavyo jina. Aliyeweza kuibadili programu ndogo inayoiongoza diski aliweza kuifanya ikubali nywila yoyote, kisha akasoma kila kitu.

Athari yake haikuishia hapo. Wakati ule BitLocker ilikuwa na desturi ya kuiamini diski. Diski ikijitangaza kwamba inajisimba, BitLocker iliiachia kazi hiyo, na mwenye kompyuta akadhani analindwa na programu ilhali analindwa na diski. Kampuni ya Microsoft ilitoa tahadhari mwezi ule ule wa Novemba 2018, na Septemba 2019 ilibadili utaratibu katika Windows 10, ili diski mpya zisimbwe kwa programu isipokuwa mwenyewe akichagua vingine. Samsung nayo iliwashauri watumiaji wa diski zake za ndani watumie programu ya usimbaji.

Ndugu mwanachuo aweza kusema kwamba kasoro hizo ni za diski chache, na kwamba wengine hutengeneza vizuri. Yawezekana. Lakini swali lililo mbele ya mwalimu si kama diski yake ni mbovu. Swali ni kama anayo njia ya kujua. Diski iliyosimbwa kwa programu inaweza kutolewa, ikaunganishwa na mashine nyingine, na mtu akaona kwa macho yake kwamba yaliyoandikwa humo ni mchafuko usiosomeka. Diski inayojisimba haitoi nafasi hiyo: kila kinachotoka ndani yake hupita kwanza mikononi mwa chombo kile kile tunachotaka kukikagua. Ni kama kumwomba mshitakiwa awe pia shahidi na hakimu.

Ukingo wa ndiva

Wazee wa Upare walilijua jambo hili katika maji. Ndiva, yaani bwawa dogo la kuwekea maji ya mfereji usiku ili yafunguliwe asubuhi kwenda mashambani, haitegemei sifa za aliyeijenga. Ukingo wake uko wazi. Mwenye shamba chini yake anaweza kupanda, akautazama, akaona panapovuja, na wenzake wakaitwa kuziba. Ndiva hubomoka pia, maana hakuna ukingo usio na ila. Lakini hubomoka mbele ya watu, na watu huitengeneza.

Hali ya programu za usimbaji zilizo wazi ni hiyo hiyo. Hatudai kwamba hazina kasoro. Mwaka 2016 VeraCrypt ilikaguliwa na kampuni ya Quarkslab, na kasoro nzito zilionekana. Zilitangazwa hadharani, na nyingi zikarekebishwa katika toleo lililofuata. Aliyekuwa akiitumia aliweza kujua ni nini kilichokosewa na ni nini kilichozibwa. Kwa upande wa BitLocker, maandiko yake ya ndani hayakuachwa wazi kwa wote, na hilo ni upungufu. Hata hivyo, diski iliyosimbwa nayo yaweza kukaguliwa kutoka nje kama tulivyoeleza, nayo programu yenyewe hurekebishwa pamoja na mfumo mzima bila kuifungua mashine.

Ni haki pia kukiri kwamba mpaka kati ya njia hizi mbili si ukuta. Prosesa nyingi za kisasa zina amri maalumu za kuharakisha AES, ambazo Intel ilianza kuziweka mwaka 2010. Kompyuta nyingi zina chipu ya kutunzia ufunguo iitwayo TPM, na Windows 11 huidai. Programu hutumia maunzi, wala hapana ubaya. Tunalokataa ni kuyaachia maunzi kazi yote mahali ambapo hakuna jicho linalofika. Shule yenye kompyuta kuukuu isiyo na amri hizo itaona mashine inapunguza mwendo. Lakini kwa kazi ya orodha za majina, alama na mitihani ya majaribio, si mzigo wa kumzuia mwalimu.

Jinsi ya kulifundisha jambo hili

Kwa kuwa jarida hili ni la mbinu za kufundishia, haitoshi kutoa maoni bila kuonyesha njia ya kuyapeleka darasani. Tunapendekeza somo la vipindi viwili kwa wanafunzi wa darasa la tano au la sita, ambalo halihitaji umeme wala kompyuta. Vifaa vyake ni karatasi, maboksi mawili na kanga moja.

Kipindi cha kwanza kiwe cha kusimba. Wanafunzi waandike herufi za alfabeti kwa mstari, kisha kila herufi ibadilishwe kwa ile iliyo hatua tatu mbele yake. Neno SAME litakuwa VDPH. Njia hii ilitumiwa na Kaisari wa Roma, na watoto huipenda. Waachwe waandikiane majina ya vijiji vyao, wasimbuliane, wakosoane. Wenye akili ya haraka watagundua kwamba siri hiyo huvunjika kwa kujaribu hatua zote moja moja. Wasifiwe, kisha waelezwe kwamba AES nayo ina ufunguo, ila idadi ya funguo zinazowezekana ni kubwa mno hata kuzijaribu zote kusiwezekane.

Kipindi cha pili kiwe cha maigizo. Katika kundi la kwanza, mwandishi achague mwenyewe idadi ya hatua, asiitaje kwa mtu, asimbe karatasi yake, ndipo ampe mtunza boksi. Katika kundi la pili, mwandishi ampe mtunza boksi karatasi ikiwa wazi, naye mtunza boksi, aliyejificha nyuma ya kanga, aahidi kuisimba. Huyu wa pili mwalimu awe amemnong'oneza mapema: asimbe kweli, lakini aandike idadi ya hatua upande wa ndani wa kifuniko, na amtolee karatasi iliyosimbuliwa yeyote atakayetaja neno la siri. Darasa lisiambiwe.

Kisha mwalimu awaondoe watunza boksi wote wawili, na mahali pao aweke wengine wasiouliza neno lolote. Mwanafunzi mmoja, akiigiza mwizi, afungue boksi la kwanza. Atakuta herufi zisizo na maana, na hajui hatua ni ngapi. Afungue la pili. Atakuta herufi kama zile, lakini na jibu limeandikwa kifunikoni. Hapo mwalimu aulize: "Katika boksi la pili, neno la siri lilikuwa likilinda nini?" Tena aulize: "Kabla boksi halijafunguliwa, tungejuaje?" Asiharakishe jibu. Ukimya utakaofuata ndio moyo wa somo, kwa kuwa mtoto anaanza kuelewa kwamba ahadi ya usalama na usalama wenyewe ni vitu viwili.

Mwanachuo ataona kwamba somo hili si la kompyuta peke yake. Ni la kupima madai ya mtu anayesema, "Niaminini, nimefunga." Shule iliyomfundisha mtoto kuuliza "Tutajuaje?" imemfundisha kitu kitakachomfaa mbele ya mwenye duka, mbele ya mganga na mbele ya mgombea.

Ufunguo ni wa shule

Limebaki jambo moja, nalo bila hilo yote tuliyosema ni bure. Usimbaji hautofautishi mwizi na mwalimu mkuu aliyesahau nywila. Wote wawili hubaki nje. BitLocker hutoa ufunguo wa akiba wenye tarakimu 48, na kompyuta nyingi mpya zenye Windows 11 husimba diski zenyewe na kuuhifadhi ufunguo huo katika akaunti ya mtandaoni ya mtu wa kwanza kujiandikisha. Yafaa mwalimu atafakari maana yake. Mwalimu akiifungua kompyuta ya shule kwa akaunti yake binafsi, kisha akahamishwa kutoka Gonja kwenda mkoa mwingine, amehama na ufunguo wa kabati la shule bila kujua. Siku mashine itakapoudai, shule itakuwa na diski nzima, taarifa zote zimo, wala hakuna awezaye kuzisoma.

Kwa hiyo tunashauri yafuatayo. Kwanza, kabla ya kusimba, itengenezwe nakala ya akiba ya kila kilichomo, betri iwe imejaa na mashine iwe imechomekwa umeme. Pili, atazamwe mwenye kusimba ni nani: Windows ya toleo la Home haina BitLocker kamili, na mahali hapo VeraCrypt au Linux yaweza kutumika. Tatu, ufunguo wa akiba uandikwe karatasini, nakala mbili, kila moja katika bahasha iliyofungwa na kutiwa sahihi. Moja ikae katika kabati la chuma la mwalimu mkuu, nyingine kwa Afisa Elimu Kata. Nne, ufunguo huo utajwe katika hati ya makabidhiano kila mwalimu mkuu anapobadilika, kama zinavyotajwa funguo za stoo. Tano, flashi isisahauliwe, kwa maana kuifunga kompyuta na kuiacha flashi yenye alama zile zile mfukoni ni kufunga mlango na kuacha dirisha wazi. Kishikwambi nacho kiwekewe nywila ya kioo iliyo imara. Bila hiyo, usimbaji uliomo humfungulia yeyote akiwashaye.

Ikumbukwe vilevile kwamba usimbaji hulinda mashine iliyozimwa. Kompyuta iliyoachwa mezani ikiwa imewashwa na imefunguliwa ni kabati wazi, hata diski yake iwe imesimbwa kwa namna gani.

Wako watakaosema kwamba mwizi wa Makanya au Hedaru hutaka mashine, wala hana haja na majina ya watoto. Huenda ni kweli siku ya wizi. Lakini mashine ya wizi huuzwa, na aliyeinunua huiuza tena, na taarifa husafiri nayo hadi kwa mtu asiyejulikana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa zinazohusu watoto kuwa miongoni mwa taarifa nyeti. Hata kama sheria hiyo isingekuwapo, mzazi aliyemweleza mwalimu kwa sauti ya chini kwamba mwanawe ni mgonjwa, au kwamba nyumbani hakuna chakula, alimwambia mwalimu, hakuiambia barabara.

Basi tunawaasa wanachuo wanaojiandaa kwenda kazini: msikubali kufuli kwa sababu limesifiwa na muuzaji, wala kwa sababu limefichwa vizuri. Chagueni lile mnaloweza kulikagua, na mjue kila siku ufunguo wake uko wapi na utakabidhiwa kwa nani.